Shangazi anajibu: Nasimama nyuma ya mlango nisikutane na mtu

Wanafunzi mmeniandikia sana mwezi huu, na karibu barua zote zinaongelea kitu kimoja, mji na mahali mnapolala. Nimezisoma zote, zingine mara mbili, nimechagua sita. Ya kwanza nimeijibu kwa urefu kuliko zingine kwa sababu imenikaa moyoni siku kadhaa, niko napiga pasi huku namuwaza huyu mtoto na mlango wake.

Shikamoo shangazi. Mi niko mwaka wa kwanza, nakaa hosteli, korido yetu ni ndefu ina vyumba 20 kila chumba watu wawili yaani tuko 40, bafu ziko mwisho wa korido na mi chumba changu kiko katikati kabisa. Nyumbani nilikuwa mtu wa watu, mama alikuwa ananiambia nikitumwa sirudi kwa ajili ya salamu. Sasa hivi shangazi nimefika mahali nikitaka kwenda kuoga nasimama nyuma ya mlango na taulo begani nasikiliza kwanza kama kuna ndala zinapita, zikipita nasubiri, zikiisha ndo natoka mbio mbio nimeinamisha kichwa. Juzi kuna dada wa darasani kwetu kanisalimia kwenye ngazi nikajifanya naangalia simu, na simu ilikuwa imezima chaji. Nililala nikiwaza ile sura yake. Shangazi nimekuwa mtu mbaya au mji ndo umeniharibu?
— Wa Katikati ya Korido

Marahaba mwanangu. Hapana, hujawa mtu mbaya, na nataka uniamini kwenye hili kabla hujaendelea kusoma. Barua yako ina jambo ambalo wewe umelipita haraka na mimi ndo limenisimamisha: watu 40, korido moja, bafu za pamoja. Hebu tuanzie hapo, tabia yako tutaifikia baadaye.

Miaka ya 1970 kule Marekani wanasaikolojia wawili, Andrew Baum na Stuart Valins, walifuatilia wanafunzi wa hosteli za chuo kimoja. Nafasi aliyokuwa nayo kila mwanafunzi ilikuwa karibu sawa, tofauti ni mpangilio tu: wengine waliwekwa kwenye korido ndefu, watu zaidi ya 30 wanatumia bafu na sebule moja, wengine wamegawanywa vikundi vya watu wanne mpaka sita na kila kikundi kina bafu lake na sebule yake. Sasa sikiliza. Wale wa korido ndefu ndo waliolalamika kwamba wamejazana, ndo waliokuwa wanakwepa watu, na walipoitwa mmoja mmoja kusubiri kwenye chumba alichokaa mtu wasiyemjua, mbali kabisa na hosteli, walikaa mbali naye na kumwangalia usoni kidogo kuliko wale wa vikundi vidogo. Yaani korido ilikuwa imewafuata mpaka nje. Si ndo wewe kwenye ngazi na simu iliyozima?

Na siyo wingi peke yake unaochosha. Mtu anayeishi na wenzake wanne akifungua mlango anajua atakutana na nani, anajua yule ameamka vibaya, yule ana mtihani, yule anapenda stori za asubuhi. Wewe ukifungua mlango unaweza kukutana na yeyote kati ya watu 39, hukumchagua wewe na saa hukuchagua, halafu una taulo begani. Kila mmoja anastahili salamu, na salamu ya kweli inataka moyo, inabidi umtazame mtu, usubiri ajibu, umuulize la pili. Ukifanya hivo mara 15 kabla hujapiga mswaki umeshachoka, kwa hiyo mwili wenyewe unaanza kubana matumizi bila hata kukuuliza. Mjerumani mmoja, Georg Simmel, aliyaandika haya tangu 1903, kwamba mtu wa mji mkubwa anajiotesha kama ngozi ngumu kwa sababu vinavyomgusa kwa siku moja ni vingi mno, na mwanasaikolojia wa Marekani Stanley Milgram mwaka 1970 akaeleza jambo hilohilo kama mzigo uliozidi uwezo wa mbebaji. Hata mmoja wao hakusema watu wa mjini wana roho mbaya.

Sasa sehemu inayonipa matumaini. Huyo Baum na mwenzake mwingine, Glenn Davis, walichapisha mwaka 1980 jaribio ambalo ningetamani kila anayesimamia hosteli alisome. Walichukua korido ndefu ya watu kama 40, wakageuza vyumba vitatu vya katikati kuwa sebule, wakaweka milango, korido moja ikawa mbili za watu kama 20 kila upande. Basi. Hawakuita semina ya upendo, hawakubandika matangazo ya "tusalimiane". Baada ya wiki chache wakazi wa pale hawakujisikia kubanwa kama wenzao walioachiwa korido ndefu kama ilivyokuwa, na walikuwa wanaongea zaidi kuliko wao.

Kwa hiyo mwanangu acha kujaribu kuwa rafiki wa watu 40, haiwezekani na hakuna aliyekuomba. Chagua milango sita, miwili kulia kwako, miwili kushoto na miwili inayokutazama, hao 12 wajue majina, jua wanasoma nini, jua nani anaumwa. Jioni saa moja nzima acha mlango wako wazi na kiti ukigeuze kitazame nje, mtu anayekukuta umekaa kwako ni tofauti na anayekukuta unakimbia, pale wewe ndo mwenyeji. Habari ya kuoga ongea na hao wa milango sita mpeane saa, mtashangaa wote walikuwa wanasikiliza ndala. Na pelekeni barua kwa msimamizi wa hosteli, ukurasa mmoja unatosha, muombe korido igawanywe au chumba kimoja cha katikati kiwe sebule, andikeni mko wangapi na bafu ziko ngapi, namba zinasomwa na watu ambao hawasomi malalamiko.

Yule dada mtafute, mwambie hivi hivi ulivyoniambia mimi, kwamba simu ilikuwa imezima. Na kama hali inazidi, hulali, huli, asubuhi huoni sababu ya kuamka, basi hilo limepita korido, nenda kwa mshauri wa wanafunzi wiki hii hii usisubiri mitihani iishe.

Shangazi niko na haraka, nimehama chumba, mwenye nyumba amegoma kurudisha dipoziti yangu anasema ukuta nimeuharibu na mi ukuta niliukuta hivo hivo. Nifanyeje?
— Mpangaji Mwaka wa Pili

Inategemea una karatasi gani mkononi. Tafuta risiti, mkataba, meseji zozote mlizoandikiana, na kama uliwahi kumpiga picha mwenzako amekaa chumbani kwako siku za mwanzo angalia nyuma yake, ukuta utakuwepo. Muandikie mwenye nyumba kwa maandishi, kwa adabu, umtajie kiasi na tarehe unayotaka jibu. Akinyamaza nenda kitivo cha sheria cha chuo chenu ukaulize kama wana kliniki ya msaada wa kisheria, vyuo vingi vinayo na hawatozi. Wengine mnaosoma hapa: siku ya kwanza kabla hujaingiza godoro piga picha kila ukuta, bomba, soketi, kitasa, mtumie mwenye nyumba hizo picha siku hiyo hiyo na uandike "hivi ndivyo nilivyokikuta".

Shangazi habari za kazi. Nimepanga chumba nje ya chuo, dirisha linaangalia barabara kubwa, nina miezi minane pale na sijui jina la jirani hata mmoja, nasikia wanakohoa nasikia wanagombana lakini sura zao sizijui, na siyo kwamba nawachukia, inakuwa tu kila mtu akifika anafungua geti anaingia anafunga. Nimekulia sehemu watu wanajuana mpaka babu wa babu. Nimeanza kuamini kwamba watu wa mjini hawapendani, na darasani tukiongelea jamii nasikia kama wanaongelea kitu kilichokufa. Nisaidie maana ninatakiwa kuandika tafakari ya kurasa tatu kuhusu mtaa ninaoishi na sina cha kuandika.
— Nane Miezi

Una cha kuandika mwanangu, ni hiyo barabara.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 mtaalamu wa mipango miji, Donald Appleyard, alikwenda kwenye mitaa mitatu ya San Francisco, Marekani, iliyofanana kwa vitu vingi, isipokuwa magari. Mtaa mmoja unapitiwa na magari kama 2,000 kwa siku, mwingine 8,000, wa tatu 16,000. Akauliza wakazi una marafiki wangapi hapa mtaani. Wa magari 2,000 kwa wastani walikuwa na marafiki watatu kila mmoja. Wa magari 16,000 hawakufika hata mmoja, ilikuwa 0.9. Alipowaambia wachore eneo wanaloliita "kwetu", wale wa mtaa mtulivu walichora mtaa mzima, wa barabara nzito walichora jengo lao tu. Ni binadamu wa mji mmoja hao. Kelele na hatari ndo zimewarudisha ndani, mtoto hachezi nje, mzee haweki kiti mlangoni, na bila mtoto na mzee pale nje watu wazima wanakosa sababu ya kusimama.

Halafu angalia mlango wako. Baada ya vita vya pili vya dunia mwanasaikolojia Leon Festinger na wenzake wawili walichunguza nyumba za wanafunzi waliooa wa chuo cha MIT kule Marekani, matokeo yakatoka 1950. Kila ghorofa ilikuwa na nyumba tano zimepangwa mstari. Jirani wa mlango unaofuata alitajwa kama rafiki kwa asilimia 41 ya nafasi zilizokuwepo, jirani wa mwisho wa mstari asilimia 10, na umbali wenyewe ni hatua chache tu! Waliokaa karibu na ngazi walipata marafiki wengi zaidi wa ghorofa ya juu kuliko wenzao, siyo kwa uchangamfu wao, watu wa juu walikuwa wanapita pale kila siku. Sasa we niambie, kwenye nyumba yenu watu wanapita wapi? Kuna mahali popote, ngazi, bomba, kamba ya nguo, ambapo watu wawili wanaweza kusimama dakika mbili bila kuzibiana njia? Kama hapapo, upendo hauna pa kukanyagia.

Kwenye zile kurasa tatu usianze na "watu wa mjini". Kaa dirishani saa moja asubuhi na saa moja jioni hesabu magari kwa dakika kumi, chora nyumba yenu na milango yake, weka alama pale ulipowahi kumuona jirani uso kwa uso. Hiyo ramani peke yake itajaza ukurasa. Halafu jaribu kuanika nguo saa wanayoanika wenzako. Najua inasikika kama jambo dogo ila mi jirani niliyekaa naye miaka mingi nilimpatia kwenye kamba ya nguo, upepo umeangusha shuka lake nikaliokota.

Shangazi mi tatizo langu ni kelele. Chumba changu kiko juu ya sehemu ya muziki, wanafunga alfajiri, na upande wa pili kuna barabara. Nasoma ukurasa mmoja mara nne. Rumeti yangu ananiambia utazoea, yeye kazoea, na kweli mi mwenyewe siku hizi siisikii sana lakini matokeo yangu yameshuka. Je nisubiri nizoee kabisa?
— Nasoma Mara Nne

Usisubiri, na hapa nakuomba unisikilize vizuri kwa sababu "utazoea" ni ushauri unaoumiza watoto wengi. Sikio linazoea kweli. Kichwa kinaendelea kulipa.

Mwaka 1975 Arline Bronzaft na Dennis McCarthy walichapisha utafiti wa shule moja New York iliyokuwa kando ya reli ya juu, treni inapita kila dakika chache na mwalimu analazimika kunyamaza mpaka ipite. Wanafunzi wa madarasa ya upande wa reli walikuwa nyuma kwa kusoma kuliko wenzao wa upande mtulivu, na madarasa ya juu tofauti ilifikia karibu mwaka mzima. Shule ileile. Baadaye reli ikafungwa mipira chini, madarasa yakawekwa dari la kunyonya sauti, Bronzaft akarudi kupima na mwaka 1981 akaripoti ile tofauti imeondoka. Wengine, Sheldon Cohen na wenzake, mwaka 1973 walipima watoto wa maghorofa yaliyojengwa juu ya barabara kuu Manhattan, wa ghorofa za chini penye kelele walikuwa wanashindwa kutofautisha maneno yanayokaribiana sauti na kusoma kwao kulikuwa chini kuliko wa ghorofa za juu. Walikuwa wamezoea kelele, wamezoea kiasi kwamba walijifunza kutosikiliza hata sauti za watu.

Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri chumbani usiku kelele isizidi desibeli 30, hiyo ni sawa na mnong'ono. Kuna programu za simu za kupima, siyo sahihi sana ila zitakupa picha, pima usiku tatu na uandike saa. Kitanda kitoe kwenye ukuta wa barabara. Kabati la nguo au rafu ya vitabu iliyojaa iegemeze kwenye huo ukuta, kitu kizito kinasaidia kuliko pazia. Ziba uwazi wa chini ya mlango na pembeni mwa dirisha kwanza, sauti inapita pale maji yanapopita. Hedifoni siyo dawa ya kufunika kelele kwa kelele, WHO hao hao wanasema desibeli 80 mwisho masaa 40 kwa wiki. Kusoma kuzito kahamishie maktaba, chumbani fanya kazi nyepesi tu, na mwisho wa mkataba uhame, hata ikibidi chumba kidogo zaidi. Na ile sehemu ya muziki nendeni wapangaji wote pamoja na vile vipimo kwa ofisi ya mazingira au serikali ya mtaa, mkienda mmoja mmoja mtaonekana ni watu wa kununa.

Shangazi sijamwambia mtu hili. Wiki mbili zilizopita usiku mwanamke alipiga kelele nje ya jengo letu, "niacheni, niacheni", niliamka nikasogea dirishani, taa za madirisha mengine zikawa zinawaka, nikaona vivuli vya watu kama sita saba wamesimama kama mimi, nikajua lazima mmoja keshapiga simu polisi au anashuka. Hakuna aliyeshuka, baada ya dakika kama tano kukanyamaza. Asubuhi nikaambiwa walimnyang'anya begi, mkono umevunjika. Kila mtu kwenye jengo anasema alidhani mwenzake kapiga simu. Tukoje sisi?
— Wa Dirishani

Pole sana mwanangu, na ahsante kwa kusema, ni nzito kuibeba peke yako.

Mwaka 1968 wanasaikolojia wawili, John Darley na Bibb Latané, walichapisha jaribio walilofanya na wanafunzi wa chuo. Kila mwanafunzi alikaa peke yake kwenye kichumba akiongea na wenzake kupitia spika, ghafla mmoja anasikika amepatwa na kifafa, anaomba msaada, sauti inakatika (ilikuwa imerekodiwa, hakuna aliyeumwa). Waliodhani ndo wasikilizaji pekee, asilimia 85 walitoka kutafuta msaada kabla ile sauti haijakatika. Waliodhani kuna wengine wanne wanaosikia, asilimia 31. Na wale waliobaki hawakuwa wametulia kama watu wasiojali, mikono ilikuwa inatetemeka, jasho linawatoka, wamekwama. Kila mtu anapokea kipande kidogo cha jukumu, na kipande kidogo hakimuinui mtu kitandani. Zile taa ulizoziona zikiwaka ndo zilizokuzuia.

Sikuambii haya ili usahau yule mama. Nakuambia ujue nini cha kufanya siku nyingine, kwa sababu mjini siku nyingine ipo. Ukisikia, jichukulie kwamba uko peke yako duniani, piga simu wewe, wakipigiwa mara kumi hakuna aliyekufa. Washa taa, fungua dirisha, paza sauti "tumekuona, polisi wanakuja", huna haja ya kushuka kwenye giza. Na kama ni wewe unayehitaji msaada mbele ya watu usiseme "jamani nisaidieni", nyoosha kidole: "wewe mwenye shati jekundu piga simu, wewe mama njoo unishike." Mtu aliyeonyeshwa kidole hana wa kumsukumia. Kwenye jengo lenu fungueni kundi la simu la wakazi na mkubaliane kitu kimoja tu, anayepiga polisi anaandika "nimepiga", kama dakika moja imepita hakuna aliyeandika, wewe unayesoma ndo unapiga. Halafu mtafuteni yule mama mkamuone, nendeni nyote mliokuwa madirishani.

Shikamoo shangazi. Nasoma mipango miji mwaka wa tatu. Lekcha katupa asainmenti, tuandike juu ya makazi duni, na darasani wenzangu wakawa wanasema watu wa kule ni wachafu, hawajali mazingira yao, hata ukiwajengea maghorofa watayaharibu. Shangazi mi natoka kule. Tuko sita kwenye chumba kimoja, choo tunatumia nyumba nyingi, na mama yangu anafagia uwanja kila siku kabla jua halijatoka. Nilinyamaza darasani. Hakuna anayejua ninapoishi, nikitoka chuo nashuka kituo cha mbele halafu narudi kwa miguu. Nitaandika nini?
— Ninashuka Kituo cha Mbele

Marahaba mwanangu. Barua yako nimeisoma mara tatu, na pale kwa mama yako na ufagio nikaiweka chini kwanza.

Tuanze na jina lenyewe, makazi duni. Umoja wa Mataifa, kupitia shirika lao la makazi UN-Habitat, wanaangalia mambo matano: je nyumba ni imara, je chumba kimoja hakizidi watu watatu, je maji safi yanapatikana, je choo kinafaa, je wakazi wana uhakika kwamba hawatafukuzwa. Familia inayokosa hata moja tu inahesabika kwamba iko makazi duni, na duniani watu zaidi ya bilioni moja wanaishi hivo. Soma tena hayo matano. Usafi wa mtu haupo. Yote ni bomba, ukuta, nafasi na hati, na hayo hayafagiliwi na ufagio.

Wenzako wanarudia kosa la zamani sana. London mwaka 1854 kipindupindu kiliingia mtaa wa Soho kikaua zaidi ya watu 600, na wakubwa wengi wa wakati ule waliamini ugonjwa unaletwa na hewa chafu na maisha ya watu wa hovyo. Daktari John Snow alipita nyumba kwa nyumba, akaweka vifo kwenye ramani, vikajikusanya kuzunguka pampu moja ya maji ya Broad Street. Tarehe 8 Septemba mpini wa ile pampu ukatolewa. Kisima kilikuwa kinavujiwa na shimo la maji machafu lililokuwa jirani yake. Wale waliokufa walikuwa wamechota maji tu.

Na habari ya "watayaharibu maghorofa", waulize wenzako kama wanaijua Pruitt-Igoe, nyumba za serikali za watu wa kipato cha chini kule St. Louis, Marekani. Majengo 33, kila moja ghorofa 11, watu wakaanza kuingia 1954, mchoraji wake Minoru Yamasaki ni yuleyule aliyekuja kuchora minara miwili ya New York. Mwaka 1972 wakaanza kuilipua. Watu wakasema ni wapangaji. Lakini lifti ilikuwa inasimama kila ghorofa ya tatu, mama na ndoo na mtoto anamalizia kwa ngazi, na hela ya matengenezo ilitegemea kodi ya wapangaji ambao kipato kilikuwa kinashuka, kwa hiyo kilichoharibika kilibaki kimeharibika. Msanifu majengo Oscar Newman alikwenda kukagua akaona jambo ambalo ningekuwa wewe ningelifanya moyo wa asainmenti nzima: sehemu za kupanda ngazi zilizotumiwa na familia mbili zilikuwa safi, zimetunzwa, korido zilizotumiwa na familia 20 zimeharibika, na lifti na ngazi za familia 150 hazitazamiki. Familia zilezile mwanangu. Ndani kwao walikuwa wamepanga vizuri. Mahali pa watu wawili pana mwenyewe, mahali pa watu 150 nani ana ubavu wa kumwambia mtu usitupe hapa?

Kwa hiyo kaandike nyumbani kwenu. Si lazima uandike "kwetu", hilo ni lako na hakuna anayeweza kukulazimisha, andika "nyumba niliyoichunguza". Hesabu watu wangapi kwa choo kimoja, hatua ngapi mpaka bombani, bomba linatoa maji saa ngapi, nani ana funguo ya choo na lini wamewahi kugombana juu yake. Pima chumba kwa hatua zako. Chora uwanja anaoufagia mama yako, onyesha ufagio unaishia wapi, maana nina hakika kuna mstari, kuna pale anapoacha kwa sababu pale siyo pa mtu. Muulize kwanini anaachia pale. Andika jibu lake kama alivyolisema, usilinyooshe.

Ukimaliza nitumie nakala shangazi yako nisome. Na kile kituo, siku utakayoamua kushuka cha kwenu, niandikie pia.